Mwaka Tulioliua Toleo la Pili

Kamati ya kumuaga Mzee Nyandoro imenipigia simu mara tatu wiki hii. Mzee anarudi Kisii moja kwa moja, yeye na mkewe. Nyumba yao ya huku Marekani, katika kitongoji cha Crystal, imeshapata mnunuzi, na Jumapili ijayo watu watakusanyika katika ukumbi wa kukodi, wale pilau na mbuzi wa kuchoma, watoe zawadi na hotuba. Wanataka nisimame dakika tano nieleze wema wake. Mwenyekiti aliniambia kwamba mimi ndiye niliyeishi kwake, kwa hiyo hakuna atakayesema vizuri kuliko mimi. Nikamjibu kwamba nitafikiria, na mpaka leo nafikiria. Mimi ni mtu wa kushuku, silifichi hilo. Mtu akinichekea sana napapasa mkoba wangu. Daktari akisema vipimo ni vizuri, namwomba nivione mwenyewe. Kwa hiyo wazo la kwanza lililonijia ni kwamba kamati inajua kitu na inanitega. Baadaye nikatulia nikaona hawajui chochote, kwamba kweli wanataka maneno ya shukrani tu, na hapo ndipo nilipokosa raha kabisa. Kabla sijasema ndiyo au hapana, nataka niuandike mwaka ule kama ulivyokuwa, niwe na nafasi ya kufuta kila nitakapojikuta najidanganya.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kompyuta, na kibali changu kiliniruhusu kufanya kazi mwaka mmoja tu. Nisipopata mwajiri wa kunidhamini kabla hakijaisha, narudi Tanzania. Nilipanga chumba cha chini ya ardhi katika nyumba ya Nyandoro. Kilikuwa na zulia la kahawia lenye harufu ya unyevu, dirisha dogo karibu na dari ambalo wakati wa baridi lilizibwa na theluji, kitanda, meza ya pasi niliyoigeuza kuwa meza ya kompyuta, na ukutani tundu la kuingizia hewa lenye kifuniko cha bati. Tundu lile ndilo lililonifundisha mengi. Nyumba za huku zina mashine moja ya joto na ubaridi, na mabomba yake hupita kila chumba, kwa hiyo maneno ya jikoni juu yalishuka mpaka kitandani kwangu yakiwa safi kabisa, hadi mashine iwake iyameze. Nilijua ni lini Mama Kerubo, mkewe Nyandoro, amekerwa na michango ya harusi, na ni nani kazini kwake ameachwa na mume. Nilijiambia kwamba sisikilizi kwa makusudi, ingawa nilikisogeza kitanda.

Jioni tulikula pamoja mezani kwao: ugali mgumu wa kukata kwa kisu, mboga chungu za kienyeji ambazo Mama Kerubo alizipanda nyuma ya nyumba na kuzigandisha kwa ajili ya miezi ya baridi, na maziwa mgando. Kila siku nilimwamkia Nyandoro "Shikamoo", na kila siku alijibu "Sawa sawa, Tanzania," kwa sababu kwao neno marahaba halimtoki mtu haraka. Alikuwa mtu wa hamsini na kitu, mwembamba, nesi kwa ajira na mtunzi wa programu kwa mapenzi. Walishika Sabato. Ijumaa jua likizama, kompyuta yake ilifunikwa kitambaa cha meza, na hakuna aliyeigusa mpaka Jumamosi jioni. Mimi ni Mwislamu, na nyumba yenye siku yake ya Mungu niliielewa. Mtu akipiga simu Jumamosi kusema programu imekwama, Mama Kerubo alimwambia kwamba hata programu inapumzika.

Programu yenyewe iliitwa Zamu. Wakenya wengi wa Minneapolis na vitongoji vyake huendesha zile nyumba ambamo watu wazima wanne watano wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu huishi na kutunzwa. Ni nyumba za kawaida tu za mtaani, na ukipita nje huwezi kujua. Kila kidonge kinachomezwa humo lazima kiandikwe: nani ametoa, saa ngapi. Programu za kununua zilikuwa ghali, basi Nyandoro akaandika yake na kuiweka wazi mtandaoni, programu huria, mtu yeyote aichukue bure, asome msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, mpaka nukta ya mwisho, aubadilishe akitaka. Programu za namna hiyo zina desturi moja ambayo watu wa nje hawaijui. Kila mstari unabaki na jina la aliyeuandika, na jina halifutiki. Unaiuliza kompyuta mstari huu ni wa nani, inakujibu jina na tarehe. Nilipojiunga kumsaidia Nyandoro, hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote, maana waajiri husoma huko. Badala ya kuwaapia kwamba naijua kazi, ningewaonyesha jina langu.

Mchango wangu wa kwanza ulikuwa saa ya Kiswahili. Watunzaji wengi katika nyumba zile walikuwa Wakenya, Wakongo na Watanzania, na skrini iliwaandikia saa za Kizungu. Nikaandika kipande cha msimbo ambacho ukikiwasha, programu inakusomea saa kama ulivyosomewa na mama yako: saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri. Unatoa sita, basi. Niliimaliza kazi hiyo kwa siku mbili. Nyandoro alikisoma, akaniuliza swali moja kuhusu saa za baada ya usiku wa manane, nikamjibu kwa kujiamini, akakikubali, kikatoka ndani ya toleo la pili. Watu walikipenda sana. Mama Moraa, mwenye nyumba moja ya matunzo kule Fridley, alinialika akanipikia chapati, akasema kwa mara ya kwanza kompyuta inaongea kama mtu. Nilirudi chumbani kwangu siku hiyo nikajiona nimeshapata kazi.

Jumamosi moja ya Agosti nikamwona Nyandoro akikiondoa kile kitambaa. Alikuwa ameshavaa suti ya kanisani. Simu iliingia kutoka nyumba moja ya Burnsville, akaisikiliza amesimama, akafunua kompyuta akasoma kwa muda mrefu, kisha akaitia mkobani na kuondoka na gari, ibada akaiacha. Mama Kerubo alitazama dirishani mpaka gari lilipokata kona. Siku zile niliamini kwamba kuna mambo mawili tu yanayoweza kumfanya mtu wa aina yake avunje Sabato, kifo na pesa. Sikuwa nimesikia kwamba kuna aliyekufa.

Wiki hiyo hiyo, tukiwa tumeshamaliza kula na mimi nimeshuka kwangu, sauti zikapita kwenye tundu. "Version two itakufa October," Nyandoro alikuwa akisema. Mama Kerubo akauliza habari za nyumba zinazoitumia. "Nitazi-move moja moja, mimi mwenyewe." Nikasikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe. Kisha akasema, "Lakini Zuhura asijue." Zuhura ni mimi. Mashine ya ubaridi ikawaka, ikayameza yaliyobaki. Nilikaa kitandani nimekikodolea macho kile kifuniko cha bati, na nikajihisi mjinga kwa kila bakuli la maziwa nililokunywa mezani kwake.

Siku tatu baadaye tangazo likatoka mtandaoni. Baada ya mwisho wa Oktoba toleo la pili halitahudumiwa tena. Halitarekebishwa, maswali yake hayatajibiwa, na wote wanaolitumia wahamie toleo la tatu. Sababu iliyotolewa ni kwamba mtunzaji wa programu, yaani Nyandoro, amechoka na hana muda wa kulea matoleo mawili. Kwa wasiojua, kusitisha toleo la zamani ni jambo la kawaida kabisa katika kazi hii. Watu wachache wanaojitolea hawawezi kutunza vya jana na vya leo kwa pamoja. Lakini watumiaji hupewa mwaka, wakati mwingine miaka miwili, wajiandae. Nyandoro alitoa miezi miwili na siku chache. Nilipomuuliza mezani kulikoni haraka hii, akasema, "Nimezeeka, Tanzania," akajipakulia mboga. Mtu huyo alikuwa akikimbia maili tatu kila asubuhi kabla ya kwenda kazini.

Tangu hapo sikumwamini kwa lolote. Nilimwona akibeba faili la karatasi kwenda nyumba moja baada ya nyingine, na akinikuta sebuleni analigeuza upande wa ndani. Nikiingia jikoni, kompyuta inafungwa. Jumapili moja alikuja mwanamume mwenye tai, wakakaa naye barazani nyuma ya nyumba karibu saa nzima, wakapeana mikono kwa nguvu. Mpaka leo sijui yule alikuwa nani, huenda alikuja kuuza bima, lakini siku hiyo nilikuwa nimeshamaliza kesi na kutoa hukumu: Nyandoro ameiuza Zamu. Toleo la pili ni la bure na litabaki la bure, kwa hiyo lazima life. Toleo la tatu litakuwa la bure mpaka watu wote wawe wamehamia, halafu mlango utafungwa na yule mwenye tai ataanza kudai pesa. Nilijua habari za programu nyingine zilizofanyiwa hivyo. Kila jambo alilolifanya lilikaa vizuri ndani ya hadithi yangu, hata ukimya wake, hata wema wake wa kuniuliza kila wiki kama ile kampuni ya mashine za hospitali niliyoiomba kazi imeshaniita kwenye usaili.

Mama Moraa alinipigia mwezi wa Oktoba kuniuliza ahame au asihame. Nyandoro alikuwa ameshamfuata mara mbili. "Ananiambia version two si safe, na hanielezi ni kwa nini," alisema. Nikamwambia hivyo ndivyo wanavyosema wote wakitaka kukuhamisha, kwanza wanakutia hofu. Nikamwambia akae alipo, kwa sababu programu ni huria na hakuna wa kumfukuza ndani yake, na kwamba Nyandoro akiacha kuitunza nitaitunza mimi. Alinishukuru, akanibariki. Niliona fahari ambayo sijawahi kuiona tena, ya mtu mdogo aliyemzuia mkubwa. Nyumba nyingine zote zikahama kimya kimya. Ya Mama Moraa peke yake ikabaki, kwa neno langu. Mwisho wa mwezi Nyandoro akasafiri kwenda Kenya kwenye mambo ya shamba, na kabla ya kuondoka aliniambia niongee na Mama Moraa, nimsihi. Nikamwitikia, wala sikuongea naye.

Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zote za huku zilirudishwa nyuma saa moja, kama inavyofanywa kila mwaka. Walter, mzee mmoja aliyekuwa akitunzwa kwa Mama Moraa, mwili wake haukupata habari hizo. Siku zote aliamka saa kumi na mbili asubuhi, akameza kidonge chake cha presha. Sasa aliamka vile vile, lakini saa ya ukutani ilisema kumi na moja. Jumapili Mama Moraa alishinda naye mwenyewe, hakukuwa na mkanganyiko. Jumatatu alimpa kidonge saa kumi na moja, akabonyeza kwenye skrini, na saa moja akamkabidhi zamu Mapendo, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa amefanya naye kazi miaka minne. Mapendo akafungua ukurasa wa siku ile, akaona kidonge cha Walter bado hakijatolewa. Akampa. Saa nne Walter alianguka bafuni akapasuka juu ya jicho. Gari la wagonjwa lilimchukua, akalazwa siku tatu, akapona. Nasema mapema kwamba alipona kwa sababu mimi mwenyewe kwa siku tatu zile sikujua, na sitaki mtu mwingine angoje kama nilivyongoja.

Mama Moraa aliniita jioni ile ile, mimi mtaalamu. Ukurasa wa Jumatatu ulionyesha kidonge kimoja tu, saa moja asubuhi, jina la Mapendo. Mama Moraa aliapa kwamba saa kumi na moja alibonyeza kwa kidole chake. Mapendo aliapa kwamba alikuta patupu. Nikawatazama wote wawili, nikajiambia mmoja wao anadanganya, na mmoja wao ndiye aliyenipikia chapati. Mapendo alikuwa amesimama karibu na friji, mikono ndani ya mifuko ya sweta, bado amevaa viatu vya kazi. Nikamwambia Mama Moraa, kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia, kwamba lazima kuna mtu amefuta. Mapendo hakupandisha sauti. "Miye sikufuta kitu, dada," alisema. Akaambiwa akae nyumbani mpaka mkaguzi wa serikali aje aulize maswali yake.

Neno langu lenyewe ndilo lililonisumbua, si uso wake. Zamu hairuhusu kufuta. Nyandoro aliiandika hivyo makusudi, ili asiwepo wa kuficha kosa. Mtu mwingine hapo angesema basi Mapendo anasema kweli. Mimi nikasema basi Nyandoro ametega kitu. Nikaamini kwamba ameacha tundu ndani ya toleo la pili, liharibike lenyewe baada ya Oktoba, watu wakimbilie la tatu. Alhamisi, Nyandoro akiwa bado hajarudi, nilikaa chumbani kwangu tangu asubuhi na nakala ya kumbukumbu za Mama Moraa. Kidonge cha Jumatatu nilikikuta kwenye ukurasa wa Jumapili. Cha Jumapili kilikuwa kwenye ukurasa wa Jumamosi, ambao sasa ulikuwa na vidonge viwili. Nikaufuata msimbo mpaka nikaupata mstari wenyewe. Saa kumi na moja alfajiri, kwa saa za Kizungu, ni tano. Ukitoa sita kwenye tano unaangukia jana. Kama mstari ungetoa sita kwa kuonyesha tu, pasingekuwa na neno, lakini huu ulitoa kwanza, ndipo ukahifadhi. Kila kidonge cha kati ya usiku wa manane na saa kumi na mbili kilikuwa kinaandikwa siku iliyopita. Nilifurahi. Nataka niandike hilo pia, kwamba nilifurahi mpaka nikasimama. Nikaiuliza kompyuta mstari huu ni wa nani, nipate kuliona jina lake. Ikajibu: Zuhura Mbelwa.

Nyandoro alitua alasiri hiyo. Masanduku yake yalikuwa bado mlangoni na koti hajavua nilipoiweka kompyuta mbele yake juu ya meza ya jikoni. Hakuusoma mstari. Alilitazama jina, akavua miwani, akaniambia niketi. Akanieleza kwamba ile Jumamosi ya Burnsville, kidonge kilikuwa kimekutwa kwenye ukurasa wa jana, na kwa bahati aliyekiona aliuliza kabla ya kutoa kingine. Kurekebisha mstari kusingetosha, kwa sababu kumbukumbu za zamani hazikuwa na alama ya kuonyesha nani alikuwa amewasha saa ya Kiswahili na nani hakuiwasha. Dawa ilikuwa kuhama tu, na kukagua kurasa za kila nyumba kwa mkono. Ndiyo yaliyokuwa kwenye lile faili. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungetangaza siku hiyo hiyo," alisema. "Ninakujua. Na ile company ingesoma. Nani angekupa kazi ya mashine za hospitali? Mimi ndiye niliu-approve huo mstari, Tanzania. Nikaona acha version nzima ife polepole, kosa life nayo ndani."

Hapo ndipo nilipomweleza habari za Walter na za Mapendo, kwa sababu hakuwa amezisikia. Alisimama palepale akachukua funguo za gari. Alitaka twende kwa Mama Moraa tukaseme. Nami, ambaye miezi mitatu nilikuwa nikimwita mwizi moyoni kwa ajili ya siri zake, nilimwambia kwamba usaili wangu ni Jumanne, anipe siku chache, mpaka barua itoke. Aliuliza, na Mapendo? Nikamjibu kwamba Mapendo yuko nyumbani tu, hakuna kilichoamuliwa. Mama Kerubo alikuwa jikoni akiosha sufuria, akafunga bomba la maji. Nyandoro akasogea mlangoni. "Hiyo nyumba hailali na version two leo," alisema. "Lakini jina ni lako. Utasema wewe." Akaenda peke yake akaihamisha nyumba ya Mama Moraa siku ile ile, akakaa nao mpaka kila ukurasa mpya ukawa sawa, zile za siku ya kuanguka Walter akaniachia mimi, akawaambia toleo la zamani limechoka. Kuhusu jina langu alinyamaza, kama nilivyomwomba.

Wema huo ndio ninaotakiwa kuusifu kwa dakika tano. Nimeugeuza kila upande kwa miaka mingi na bado nautazama kwa jicho la pembeni. Kuna siku naamini kwamba alinihurumia tu. Kuna siku naona kwamba alikuwa akiilinda Zamu, kwa sababu programu ya dawa yenye kosa la dawa ingekimbiwa na wote. Na kuna siku namkasirikia waziwazi: angeniambia mwezi wa Agosti, nisingemzuia Mama Moraa asihame, na Walter asingeanguka. Lakini hasira hiyo huwa haifiki mbali, maana kila nikimfuata Nyandoro na kosa lake la kunyamaza miezi mitatu, nakutana na langu la siku tisa. Yeye alinyamaza akifanya kazi. Mimi nilinyamaza nikipiga pasi shati la usaili.

Jumanne nikaenda. Chumba kilikuwa na meza ya kioo na watu watatu wakarimu, na mmoja aliniomba nieleze kosa nililowahi kulifanya na nilichojifunza. Nikawasimulia upuuzi fulani wa siku za chuoni. Wakacheka. Ijumaa barua ya kazi ikaja, na Jumamosi asubuhi, Nyandoro na mkewe wakiwa ibadani, nikachapisha zile kurasa, nikaendesha gari kwenda kwa Mapendo. Sikupitia kwa Mama Moraa kwanza. Nilitaka yeye awe wa kwanza kusikia, na nilijihesabia hilo kama jambo jema.

Aliishi ghorofa ya pili katika majengo ya kupanga, huko huko Fridley. Pondu, kisamvu cha Wakongo, ilikuwa jikoni inachemka, watoto wake wawili wanatazama katuni, na alipowaambia kwa Kiswahili wapunguze sauti walimjibu kwa Kiingereza bila kugeuka. Nikaweka kurasa juu ya meza, nikamwonyesha ukurasa wa Jumapili, wa Jumamosi, mstari, na jina. Nikamwambia kwamba hakufuta kitu, na kwamba mimi ndiye niliyekosea. Nikamwambia nitayaandika hayo yote kwa mkaguzi na kuyatangaza mtandaoni, na nilifanya hivyo, siku mbili baadaye, kwa jina langu kamili. Mkaguzi alilisahihisha faili la Mapendo. Mama Moraa alimwomba arudi, akakataa, akaenda kufanya kazi kiwandani na hakutunza tena mgonjwa wa mtu. Mwajiri wangu naye aliusoma ule mstari, akaniita, akanisikiliza, akaniuliza maswali mawili, akaniacha niendelee na kazi. Kumbe ningeweza kuyasema Jumanne pale pale kwenye meza ya kioo. Lakini hayo yote yalikuja baadaye. Asubuhi ile Mapendo alikuwa bado anazitazama karatasi, na alipoinua macho hakuuliza lolote kuhusu saa wala mstari.

"Dada, ulijua siku gani?"

Nikamwambia Alhamisi. Si juzi, ile nyingine.

Akahesabu kwa vidole juu ya meza, bila haraka, mpaka akafika. "Miye nilisaini jana," alisema. "Mama Moraa aliniambia, andika kama ulifuta par erreur, bila kusudi, watakuacha, kesi itaisha. Nina watoto. Donc nikasaini."

Nilisema pole. Nilisema nitaiondoa ile karatasi, kwamba haina nguvu, kwamba nitakwenda Jumatatu asubuhi mimi mwenyewe. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza. Watu walijua pale mtaani kwamba nasubiri kazi, na Mama Kerubo alikuwa ameniombea mpaka kanisani kwake.

"Na barua yako ya kazi," aliuliza, "ile walikuwa wanakuombea. Ilifika siku gani?"

Mwaka mzima nilikuwa nimewashuku watu. Nilimshuku Nyandoro kwa suti yake, kwa faili lake, kwa mgeni wake mwenye tai. Nilimshuku mwanamke huyu kwa kusimama karibu na friji. Kote nilikosea. Yeye alishuku mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, huku akiamka kwenda kupunguza moto wa pondu.

"Jana," nikamwambia.